Picha ya Dar es Salaam, Muhuri wa Mpanda: Historia Yetu Katika Stempu za Posta

Mwaka juzi nilikuwa Mpanda nikifuatilia historia ya reli ya Kaliua. Mzee mmoja, mstaafu wa reli, alinikaribisha nyumbani kwake Makanyagio. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya chai, alimwomba mkewe alete kopo la biskuti lililokuwa juu ya kabati. Ndani yake mlikuwa na barua alizomwandikia mama huyo miaka ya 1970 na 1980, yeye akiwa kazini Mpanda na mkewe akiwa Tabora na watoto. Bahasha zote zilikuwa na stempu zake. Mimi, kama ilivyo desturi ya watu wa kazi yangu, nikaanza kuzipanga kwa picha: vipepeo huku, wanyama kule. Yule mama akanitazama kwa muda, kisha akasema: "Mwanangu, picha hizo zilitoka Dar es Salaam. Mimi nilikuwa naangalia muhuri kwanza. Nikiona Mpanda, najua ni yake, ndipo nahesabu imekaa njiani siku ngapi."

Sentensi hiyo imenisumbua tangu siku ile, kwa sababu inagusa jambo ambalo sisi wanahistoria hulipita haraka. Juu ya bahasha moja kuna sauti mbili. Stempu ni sauti ya dola: inasema nchi hii ni nini, ina nini cha kujivunia, na nani anaitawala. Muhuri ni sauti ya mahali: unasema barua hii imetoka hapa, siku hii. Katika makala haya ninataka kusoma historia ya nchi yetu kupitia sauti hizo mbili, nikiwa nimesimama Mpanda na si Dar es Salaam. Hoja yangu ni kwamba dola zote zilizotawala hapa zilijichora katika karatasi hiyo ndogo, lakini ni mara chache mno zilipowachora watu wa pembezoni. Na Katavi, iliyofanywa mkoa mwaka 2012, ilizaliwa wakati barua zenyewe zilikuwa zinakufa.

Tuanze na chombo chenyewe. Stempu ya kwanza ya kubandika ilitolewa Uingereza mwezi Mei 1840. Kabla ya hapo ilikuwa kawaida kwa mpokeaji kulipia barua, na asiye na fedha aliikataa. Stempu iligeuza utaratibu: mtumaji analipa kwanza, na kipande cha karatasi kinathibitisha kwamba amelipa. Kwa hiyo stempu ni stakabadhi. Lakini kwa kuwa stakabadhi hiyo hupita mikononi mwa watu wengi na kuvuka mipaka, watawala waligundua mapema kwamba ni mahali pazuri pa kujitangaza.

Wajerumani walipoanza kutoa stempu kwa koloni lao la Afrika Mashariki mwaka 1893, walichukua tu stempu za kwao na kuzipiga chapa ya thamani kwa pesa, sarafu iliyotumika huku. Muda mfupi baadaye, mwanzoni kabisa mwa karne ya 20, zikaja stempu zenye picha ya meli Hohenzollern, jahazi la starehe la Kaiser Wilhelm II. Picha hiyo haikuchaguliwa kwa ajili yetu. Ilikuwa ileile kwa makoloni yote ya Ujerumani, kuanzia Togo hadi Samoa. Kilichobadilika ni jina la koloni na sarafu. Meli hiyo haikuwa na uhusiano wowote na maisha ya watu wa huku. Kaiser aliitumia kwa safari zake za kiangazi, na karibu kila mwaka alielekea katika ghuba nyembamba za milima ya Norwei.

Fikiria basi hali ya Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, katika mkoa ambao leo ni Katavi. Karema ilianzishwa kama kituo cha Wabelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa kwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Miaka minne baadaye akafika hapo Adrien Atiman, aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari na kusomea utabibu Malta. Aliwatibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Huo ni mkasa wa maisha unaoweza kubeba historia nzima ya Afrika: utumwa, ukombozi, elimu na utumishi wa miaka zaidi ya 60. Lakini katika miaka ambayo Atiman alikuwa akihudumia wagonjwa kandokando ya ziwa hilo, stempu ya koloni ilionyesha meli ya anasa ya mfalme. Dola ilijiangalia yenyewe.

Vita Kuu ya Kwanza vilitufunza jambo jingine: dola iliyo hatarini huhangaikia stempu. Wajerumani wa huku walipozingirwa na manowari za Waingereza na kukosa shehena kutoka kwao, mwaka 1916 walichapisha stempu za dharura katika mtambo wa misheni ya Wuga, Usambara. Hazikuwahi kutumika. Zilifukiwa ardhini zisitekwe na adui, na zikafukuliwa baada ya vita. Msomaji asidhani huo ulikuwa wazimu wa Wajerumani peke yao. Katika Vita vya Pili, Norwei ilipokaliwa na Ujerumani, serikali yake iliyokimbilia London ilitoa stempu zake yenyewe, zikatumika katika meli za Norwei zilizokuwa baharini. Nasi kwetu, Mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea Januari 1964, stempu zilizokuwa bado na sura ya Sultani zilipigwa chapa ya maneno "Jamhuri 1964". Kabla dola mpya haijapata muda wa kuchora sura yake, ilihakikisha kwanza kwamba sura ya zamani haipiti bila neno juu yake.

Waingereza walianza utawala wao huku kwa stempu za makoloni jirani zilizopigwa herufi za G.E.A. Mwaka 1922 wakatoa stempu za Tanganyika zenyewe, na picha yake ilikuwa kichwa cha twiga. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza kiumbe wa ardhi hii alipoiwakilisha nchi hii. Tusiwape sifa wasizostahili, hata hivyo. Ilipofika 1927 twiga aliondolewa na sura ya Mfalme George V ikachukua nafasi, pamoja na maandishi kwamba Tanganyika ni nchi ya udhamini. Kuanzia 1935 tukaunganishwa na Kenya na Uganda katika stempu za pamoja, mfalme akiwa juu, na Mlima Kilimanjaro ukisimama kwa niaba yetu sote, wa Moshi na wa Mpanda.

Na Mpanda ilikuwa wapi? Mpanda tunayoijua ni mtoto wa madini. Risasi iligunduliwa eneo la Mukwamba, na baada ya Vita vya Pili serikali ya kikoloni ikajenga tawi la reli kutoka Kaliua, takriban kilomita 210, ili kutoa madini hayo kuyapeleka Dar es Salaam. Reli ilikamilika mwaka 1950. Vibarua walikuja kutoka pande nyingi, mji ukakua, na pamoja na gari moshi ikaja posta ya uhakika. Kwa miaka takriban kumi, treni ileile ilishusha magunia ya barua na kupakia risasi. Kisha mgodi ukafungwa, mwanzoni kabisa mwa miaka ya 1960. Risasi ilikwisha kuondoka, lakini barua ziliendelea.

Ndipo likaja jambo kubwa la kitaifa. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilitoa stempu zenye maandishi "Uhuru 1961". Ninawashauri wanafunzi wangu wazitafute na kuzitazama kwa makini, kwa sababu ni ilani ya kisiasa. Hazina mfalme. Zina mwalimu na wanafunzi, muuguzi na mtoto, uchumaji wa kahawa, uvunaji wa mahindi, bendera, na mwenge juu ya Kilimanjaro. Mwaka mmoja baadaye, nchi ilipokuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere alionyeshwa akizindua mradi wa kujitolea. Hapa dola haikuchora anasa yake. Ilichora kazi ya wananchi. Na neno lililobeba tukio lilikuwa la Kiswahili, lisilohitaji tafsiri kwa mpokeaji wa Mpanda wala wa Lindi.

Hata hivyo, mgodi uliochorwa mwaka 1961 ulikuwa wa almasi. Almasi ilikuwa fahari ya nchi, na ni haki ilivyochorwa. Lakini mwananchi wa Mpanda, aliyeuona mgodi wake ukinyamaza, alibandika kwenye barua yake picha ya utajiri wa mahali pengine.

Mfano ulio wazi zaidi ni stempu za kawaida za mwaka 1965, za kwanza kutolewa kwa jina la Tanzania. Zilikuwa 14. Tuhesabu mahali palipoonyeshwa kwa jina: mitambo ya umeme ya Hale, hifadhi ya Mikumi, hifadhi ya Manyara, Kilimanjaro, bandari ya Dar es Salaam, bonde la Olduvai na fuvu la Zinjanthropus, na Ikulu. Nyingine zina bendera, nembo, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, ujenzi wa barabara, ngoma na mkuki, uvuvi na mkonge. Ni mkusanyiko mzuri, nao unafundisha. Lakini weka mahali hapo kwenye ramani, na utaona kwamba taifa lililochorwa linaishia kaskazini na mashariki. Magharibi yote, kuanzia Tabora hadi Ziwa Tanganyika, haina jina hata moja.

Sisemi kwamba kulikuwa na njama. Mchoraji huchora kinachofikika na kinachojulikana, na wakati ule Katavi haikuwa hata hifadhi ya taifa. Ilipewa hadhi hiyo mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998 hadi kilomita za mraba 4,471. Ninachosema ni kwamba picha za taifa hufuata barabara, umeme na bandari, kisha zinarudi kwetu kana kwamba ni taifa lote. Mtumishi wa serikali anayepangiwa kazi Mpanda na kulia kwamba "ametupwa" amefundishwa ramani hiyo, hata kama hajawahi kushika stempu.

Kuna watu wengine wa Katavi ambao stempu iliwahudumia kabla ya sheria kuwatambua. Baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, maelfu ya wakimbizi walipewa makazi katika nchi yetu, na mawili kati ya makazi makubwa, Katumba na Mishamo, yako Katavi. Walilima, wakasomesha watoto, wakaandika barua. Dirisha la posta halimuulizi mtu uraia: ukilipa, unapewa stempu ileile anayopewa mkuu wa wilaya, na barua yako inasafirishwa kwa gunia lilelile. Uraia wenyewe walikuja kuupata wengi wao mwaka 2014, miaka 42 baadaye. Ninaona funzo hapo kwa wanaharakati wa haki: huduma ya umma inayomtendea kila mtu sawa ni aina ya uraia inayotangulia cheti.

Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na pamoja nayo shirika la posta la pamoja. Zile stempu zilizobeba majina ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja zikakoma, na kila nchi ikabaki na shirika lake. Kisha ukaja uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Katika miaka ya 1980 na 1990 Tanzania, kama nchi nyingi maskini, ilitoa stempu nyingi zilizolenga wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, zikiuzwa kupitia mawakala wa nje. Mwaka 1985 tulimwadhimisha mama yake Malkia Elizabeth kwa kutimiza miaka 85. Baadaye akaja hata Elvis Presley. Hesabu yake inaeleweka: mkusanyaji hanunui stempu ili atume barua, kwa hiyo amelipia huduma ambayo hataidai kamwe. Ilikuwa fedha rahisi. Lakini gharama yake ni kwamba dola iliyokuwa imemtoa mfalme kwenye bahasha zake mwaka 1961 ilimrudisha mama yake malkia kwa hiari, kwa sababu soko lilimtaka.

Hapa ndipo mfano wa Norwei unaponisaidia. Nchi hiyo ilianza kutumia stempu mwaka 1855, na tangu 1872 imekuwa na stempu ya kawaida yenye mchoro wa pembe ya posta, ambao haujabadilika kwa msingi wake hadi leo. Kando ya pembe hiyo, Norwei imekuwa ikichora milima yake, ndege wake, waandishi wake na sikukuu zake. Mwaka 1930 ilitoa stempu za Nordkapp, jabali lililo kaskazini ya mbali ya nchi, zikiuzwa kwa nyongeza ya bei iliyokwenda kukuza utalii. Nordkapp ilikuwa mbali na mji mkuu Oslo kwa kila maana: mbali kwa njia, kwa hali ya hewa na kwa idadi ya watu. Ndiyo sababu hasa ilichorwa. Umbali wenyewe ukafanywa mali ya taifa, na watu wa Oslo wakajifunza kwamba nchi yao inafika huko.

Nasi Katavi tunayo ya kuchora. Kuna mto Katuma wakati wa kiangazi, viboko wakisongamana katika dimbwi moja la tope kwa mamia. Kuna mkwaju wa kando ya Ziwa Katavi, ambako Wabende wamekuwa wakipeleka sadaka zao kwa mzimu wa Katabi, ulioipa hifadhi na baadaye mkoa jina. Kuna Karema na Atiman wake. Kuna reli ya risasi, na kuna Katumba na Mishamo, ambazo ni simulizi la ukarimu wa nchi hii kuliko hotuba nyingi.

Lakini swali gumu, ndugu msomaji, ni hili: ni nani atakayeibandika? Serikali ilipotangaza Mkoa wa Katavi mwaka 2012, kwa kuugawa Mkoa wa Rukwa, mtu wa Mpanda alikuwa tayari anatuma fedha na salamu kwa simu. Mwaka 2022, katika operesheni ya Anwani za Makazi na Postikodi, mitaa ilipewa majina na nyumba zikapewa namba. Watu walipata anwani katika kizazi ambacho hakitarajii barua. Na stempu inayoonekana zaidi leo katika maduka ya Mpanda si ya posta. Ni ile ya kodi, ya kielektroniki, iliyoanza kutumika mwaka 2019, unayoikuta kwenye chupa ya bia na ya soda. Dola bado inabandika karatasi yake ndogo juu ya vitu vyetu, lakini siku hizi karatasi hiyo inasema neno moja tu, kwamba kodi imelipwa. Sipingi kodi, barabara za Mpanda zinahitaji kodi. Ninasema tu kwamba dola inayozungumza na raia wake kwa stakabadhi peke yake inapoteza njia mojawapo ya kuwaambia kwamba nao ni sehemu ya nchi.

Kwa hiyo nina mambo mawili ya kupendekeza. La kwanza ni kwa watumishi wa halmashauri na ofisi za mikoa: msisubiri Dar es Salaam ikumbuke. Iwe ni stempu, noti, kitabu cha shule, au picha kwenye ukuta wa ofisi, pelekeni mapendekezo yenye historia ndani yake. Picha za taifa huchaguliwa na watu walioko mezani, na meza hujazwa na walioandika.

La pili ni kwa wanafunzi. Barua za wazazi na babu zenu zinaliwa na mchwa na kuwashia majiko. Mkienda likizo, ulizeni. Msizibandue stempu kwenye bahasha, kama nilivyokuwa nikifanya utotoni, maana stempu iliyobanduliwa inabaki na sauti moja tu. Hifadhini bahasha nzima, na andikeni kando yake maelezo ya aliyeipokea, kwa ruhusa yake.

Siku ile Makanyagio niliomba kupiga picha bahasha chache. Mzee alikubali. Mama akachagua mwenyewe, na hakuchagua zenye vipepeo wazuri. Alichagua zile ambazo muhuri ulikuwa umegongwa vizuri na jina la Mpanda likasomeka lote. Moja ilikuwa imefika Tabora baada ya siku 19, kwa sababu, alinieleza, mvua za masika mwaka ule zilikuwa zimekata reli. Nimesoma nyaraka nyingi za reli ya Kaliua. Habari ya siku hizo 19 niliipata kwenye bahasha.